Baba mkwe alikufa kwa saratani ya ini, na mume wangu alificha majibu ya damu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nina miaka 36, naishi Houston. Mume wangu ni Mvietnamu, aliletwa Marekani na wazazi wake akiwa mtoto mdogo. Tumeoana miaka minane, tuna mtoto wa kiume wa miaka sita, na sasa nina ujauzito wa miezi mitano.

Mwaka juzi baba mkwe alifariki kwa saratani ya ini. Alikuwa mzee asiyegusa pombe. Alianza kusema chakula hakipiti, akakonda, tumbo likajaa maji, macho yakawa manjano. Walipomfanyia picha, uvimbe ulikuwa mkubwa, wakasema hawana la kufanya. Hakumaliza miezi mitatu. Msibani watu walinong'ona kwamba lazima alikuwa anakunywa kwa siri. Mume wangu aliyasikia akainamisha kichwa tu.

Mwezi uliopita nilikuwa natafuta karatasi za kodi, nikakuta barua ya benki ya damu ya mwaka 2011. Mume wangu alikwenda kujitolea damu, wakamwandikia kwamba ana virusi vya hepataitisi B, asitoe damu tena, amwone daktari. Nilipomuuliza hakukana. Alisema daktari wa wakati ule alimwambia yeye ni mbebaji tu, ini lake linafanya kazi vizuri, asijisumbue. Hajapima tena tangu hapo. Ana miaka 43.

Kumbe mama mkwe anajua siku zote. Alinishika mikono akalia, akanisihi nisimwambie mtu. Shemeji yangu mdogo amechumbia na harusi ni mwakani. Mume wa wifi yangu anasubiri makaratasi ya ukaazi, na mama anaamini wakijua kuna ugonjwa huu katika familia watamnyima. Halafu mume wangu ni mpishi kwenye mgahawa wa kamba na chaza. Anasema tajiri wake akisikia, kazi imekwisha.

Kliniki ya wajawazito wananiambia mimi sina virusi. Sielewi imewezekanaje kwa miaka yote hiyo. Na nakiri, Shangazi, nimeanza kumtengea mume wangu sahani na kikombe, na mtoto namzuia asimbusu baba yake. Hajaniuliza kitu. Ila siku hizi anakula peke yake, amesimama jikoni.

Je, mtoto aliye tumboni atazaliwa nao? Mume wangu atakufa kama baba yake? Na hawa ndugu zake, niwaambie au ninyamaze?

Mama wa Houston

* * *

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba wa mkweo.

Leo jioni mrudishe mumeo mezani. Virusi vya hepataitisi B, yaani homa ya ini B, haviambukizwi kwa chakula, wala kwa bakuli moja, vijiti vya kulia, kikombe, kukumbatiana, kukohoa, au baba kubusiwa na mwanawe. Hupita kwa damu, kwa ngono, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaa. Kinachotengwa ni kile kinachoweza kubeba damu: wembe, mswaki, kikata kucha. Akijikata, jeraha lifungwe, na damu iliyodondoka ifutwe kwa maji yenye klorini kwa kuwa virusi hivi vinaweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku saba au zaidi. Tahadhari za nyumbani ni hizo tu. Sahani uliyoitenga haikumkinga mtu yeyote, na mwenzio amepata kuhisi kwamba yeye ni uchafu ndani ya nyumba yake. Muombe radhi kwa hilo, kisha mzungumze.

Sasa wewe. Kipimo ambacho kliniki hufanyia wajawazito wote kinaitwa HBsAg, nacho huonyesha kama virusi vipo mwilini leo. Viko viwili zaidi unavyotakiwa kuviomba: anti-HBs, kinachoonyesha kama una kinga, na anti-HBc, kinachoonyesha kama uliwahi kukutana na virusi hivi huko nyuma. Tangu mwaka 2023 CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inashauri kila mtu mzima apimwe vyote vitatu angalau mara moja maishani. Huenda uliambukizwa na mwili wako ukavishinda bila wewe kujua, maana zaidi ya asilimia 95 ya watu wazima wanaoambukizwa huvifukuza wenyewe. Huenda ulichanjwa kazini au shuleni ukasahau. Au havijakufikia tu. Kama hauna kinga, mwambie mkunga wako unataka kuanza chanjo sasa. Mimba haizuii, zipo chanjo zinazotumika kwa wajawazito. Mpaka ithibitike kwamba una kinga, tumieni kondomu. Ukimaliza dozi, rudi baada ya mwezi mmoja au miwili wapime kama kinga imejengeka. Watu wengi hawahitaji kipimo hicho cha mwisho, lakini mwenye mwenza aliyeambukizwa anakihitaji.

Kama wewe huna virusi, mtoto hatavipata kwako wakati wa kuzaa. Lakini anazaliwa katika nyumba ambamo baba anavyo, kwa hiyo waambie mapema hospitalini kwamba unataka dozi ya kwanza ya chanjo ndani ya saa 24 za kuzaliwa, na zile zinazofuata zisirukwe hata moja. Kunyonyesha hakuna tatizo. Yule mkubwa angalia kadi yake ya chanjo, na hata kama imejaa, mpeleke apimwe damu.

Kuhusu mumeo nitakwenda polepole, kwa sababu hapa ndipo penye hatari, na ndipo ambapo jambo kubwa bado linaweza kufanyika.

Yule daktari wa mwaka 2011 alimpa mumeo nusu ya habari. Ni kweli kwamba mtu anaweza kukaa na virusi hivi miaka thelathini, arobaini, bila kuumwa chochote, na vipimo vya kazi ya ini vikatoka safi. Ila ini ni kiungo ambacho ndani yake hakina mishipa ya maumivu. Mtu huanza kusikia maumivu pale uvimbe unapokuwa mkubwa kiasi cha kusukuma utando wa nje. Mkwe wako hakuchelewa kwa uzembe. Mwili wake haukumwambia. Na kwa homa ya ini B, saratani haingoji mpaka ini lijae makovu kama ilivyo kwa walevi. Virusi hujipachika kwenye vinasaba vya chembe za ini, na uvimbe unaweza kuota kwenye ini ambalo kwa macho linaonekana zima. Wasiotibiwa wala kufuatiliwa, hasa walioambukizwa wakiwa wachanga, hadi mmoja kati ya wanne hufa kwa saratani ya ini au kwa ini kusinyaa.

Haya hayakuanza kujulikana jana. Mwaka 1981 daktari R. Palmer Beasley na wenzake walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanaume 22,707 nchini Taiwan, wengi wao watumishi wa serikali, waliokuwa wamepimwa damu kwanza. Wanaume 41 walikufa kwa saratani ya ini katika kipindi hicho. Arobaini kati yao walikuwa na virusi vya homa ya ini B tangu mwanzo. Mmoja tu hakuwa navyo. Hatari ya wenye virusi ilikuwa zaidi ya mara 200 ya wasiokuwa navyo. Wakati mwingine utakaposikia mtu akinong'ona kwamba mzee alikuwa anakunywa kwa siri, mkumbuke yule mmoja.

Ndiyo maana mumeo amwone daktari wa ini mwezi huu, asingoje mtoto azaliwe. Apimwe wingi wa virusi kwenye damu, vimeng'enya vya ini, na kiasi cha makovu, ambacho siku hizi hupimwa kwa mashine inayowekwa juu ya ngozi bila kukata nyama. Kisha aanze ultrasaundi ya ini kila baada ya miezi sita, pamoja na AFP, kipimo cha damu kinachoweza kuashiria saratani ya ini. Mwongozo wa madaktari wa ini wa Marekani unataka mwanamume wa asili ya Asia mwenye virusi hivi aanze kufuatiliwa hivyo akifika miaka 40, na mwanamke miaka 50. Aliyepoteza mzazi au ndugu kwa saratani ya ini hasubiri hata umri huo. Mumeo ana 43, na baba yake amekufa kwa ugonjwa huo. Ana sababu mbili, na hajawahi kulala kwenye kitanda cha ultrasaundi hata mara moja. Uvimbe ukikutwa mdogo, unaweza kukatwa, au kuunguzwa kwa sindano, au mgonjwa akapandikizwa ini jipya. Mkwe wako hakuipata nafasi hiyo. Mumeo bado anayo.

Kuhusu dawa, zipo tenofovir na entecavir, kidonge kimoja kwa siku. Hazifukuzi virusi moja kwa moja ila huvituliza, na kwa kufanya hivyo hupunguza makovu na hatari ya saratani. Si kila mwenye virusi huanzishiwa dawa, vipimo ndivyo vitakavyosema. Akianzishiwa asiache mwenyewe kwa kuona amepona, virusi vinaweza kuruka ghafla na kuliangusha ini. Na siku atakapotibiwa jambo jingine kwa dawa za saratani au steroidi kali, aseme ana homa ya ini B kabla hawajaanza. Dawa hizo zinaweza kuviamsha.

Kuna la jikoni pia. Chaza mbichi asile, hasa kama vipimo vitaonyesha ini lina makovu. Kwenye maji ya Ghuba ya Mexico, kule wanakovuliwa hao anaowapika, kuna bakteria anayeitwa Vibrio vulnificus, na mwenye ini bovu akimpata anaweza kufa ndani ya siku chache. Wateja awahudumie kama kawaida, yeye ale waliopikwa. Zile chai za mizizi za kusafisha ini ambazo pengine mama mkwe anamchemshia kwa mapenzi, zisimame mpaka daktari azione, maana baadhi ya mitishamba yenyewe huliumiza ini.

Umeniuliza kama uwaambie ndugu zake au unyamaze. Majibu ya damu ya mumeo ni yake, mwanangu. Wewe hupaswi kuyatangaza. Lakini ndugu zake wanaweza kwenda kupima bila jina lake kutajwa hata kidogo. Kifo cha baba yao kinajulikana na watu wote, na sababu ya kifo inajulikana. Mtu akisema "Baba amekufa kwa saratani ya ini, madaktari wanataka watoto wake wote wapimwe homa ya ini B", amesema kweli tupu na hajamfichua mtu. Wavietnamu huadhimisha siku ya kifo cha mzazi kila mwaka, familia yote inakusanyika na chakula kinapikwa. Siku hiyo watoto wa mzee watakuwa chumba kimoja. Mumeo aliseme yeye, au wifi yako. Likitoka kwenye mdomo wa mkaza mwana litasikika kama shutuma, hata ungelisema kwa upole namna gani.

Mama mkwe nadhani analia kwa jambo zito kuliko harusi. Huenda anaamini yeye ndiye aliyewaambukiza wanawe. Inawezekana, na inawezekana pia isiwe hivyo, kwa sababu zamani watu waliambukizwa hata kwa sindano zilizorudiwa. Mtoto anayeambukizwa na mama wakati wa kuzaliwa hubaki na virusi hivyo maisha yake yote mara tisa kati ya kumi, na hivi ndivyo ugonjwa ulivyorithishwa huko Vietnam, China, Korea na Ufilipino kizazi hadi kizazi. Nani angemwambia? Yeye alizaa wakati ambapo chanjo haikuwa imewafikia watoto wachanga wa Vietnam, dozi ya siku ya kuzaliwa ilianza huko mwaka 2003. Taiwan walianza kuchanja watoto wa akina mama wenye virusi mwaka 1984, na kufikia mwaka 1997 watafiti walikuwa tayari wameonyesha kwamba saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 imepungua karibu nusu. Mweleze hayo kwa utulivu. Mwambie hakuna anayemlaumu. Kisha umpeleke naye akapimwe, kwa sababu mwanamke wa umri wake mwenye virusi anahitaji ultrasaundi kama mwanawe. Hospitali ikupeni mkalimani wa Kivietnamu, ni haki yenu katika vituo vinavyopokea fedha za serikali kuu. Usikubali mwanao mdogo atumike kutafsiri mambo haya.

Familia hii haiko peke yake hata chembe. Waasia ni takriban asilimia 7 ya watu wa Marekani, lakini inakadiriwa ni zaidi ya nusu ya wanaoishi na homa ya ini B sugu huko. Duniani, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa nayo, na waliokuwa wamegunduliwa ni asilimia 13 tu. Ukimya huu wa mama mkwe umo katika nyumba nyingi sana. Wapo walioamua kuuvunja hadharani. Fiona Ma, mwanasiasa wa California mwenye asili ya China, amesema waziwazi kwamba anaishi na virusi hivi na kwamba alivipata kwa mama yake. San Francisco walianzisha mwaka 2007 kampeni ya kupima na kuchanja Waasia wa mji huo. Mwonyeshe mumeo. Ameishi na barua moja ndani ya droo tangu 2011, aone kwamba mtu anaweza kulisema jambo hili na bado akaheshimiwa.

Shemeji anayeoa apimwe kabla ya harusi, na mchumba wake naye. Hakuna harusi inayovunjika kihalali kwa ugonjwa ambao una chanjo. Akikutwa nao, bibi harusi achanjwe.

Mume wa wifi yako asiogope. Homa ya ini B haimo katika orodha ya magonjwa yanayomzuia mtu kupata ukaazi Marekani. Kazini nako, mumeo hana wajibu wa kumweleza tajiri wake, na virusi hivi havipiti kwenye chakula anachopika. Sheria ya Marekani inayowalinda wenye ulemavu inawalinda na wenye ugonjwa huu. Mwaka 2013 Wizara ya Sheria ililazimisha chuo kimoja cha udaktari cha New Jersey kuwarudishia nafasi waombaji wawili kiliowakatalia kwa sababu ya homa ya ini B. Kama hao wanaruhusiwa kusomea udaktari, mpishi ataondolewa kwa kosa gani?

Nimekuachia wewe mwisho, kwa sababu barua yako yote umeandika kana kwamba ugonjwa huu ni wa wakwe. Umezaliwa Tanga miaka mingi kabla Tanzania haijaanza kuwachanja watoto dhidi ya homa ya ini B, maana chanjo hiyo iliingia kwenye ratiba mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kaka na dada zako na wazazi wako hawakuipata. Afrika ni kanda nyingine yenye virusi hivi kwa wingi, na kwetu saratani ya ini huwapata watu wakiwa bado vijana kuliko hata Waasia. Kwenye mahindi na karanga zilizoota ukungu kuna sumu ya aflatoksini, nayo ikikutana na virusi hivi kwenye ini moja hatari huongezeka maradufu na zaidi. Nyote mnaoishi Houston, Columbus, Minneapolis au kokote mnakosoma hapa, mkipelekwa kliniki kwa jambo lolote, ombeni vipimo vile vitatu.

Kwa hiyo wiki hii piga simu mbili. Moja ya kliniki, kwa ajili ya mumeo na vile vipimo vyako viwili vilivyobaki. Nyingine ya Tanga. Waulize nyumbani ni nani katika ukoo aliwahi kufa tumbo likiwa limejaa maji na macho yakiwa manjano, ambaye watu walisema amelogwa. Majibu yakikutatanisha niandikie tena, na kama anti-HBs yako itakuwa chini ya kumi, yaani kinga haitoshi, niandikie mapema kabla hujajifungua.

Shangazi